Waliosimama Mbele ya Pazia

Mwanzoni mwa karne ya 20, abiria wa meli zilizotia nanga Unguja walikuwa na kitu kimoja rahisi cha kununua kabla ya kurudi melini: postikadi. Ziliuzwa na studio za Wagoa waliofungua maduka mjini, A. C. Gomes, ndugu wa Coutinho, Pereira de Lord. Baadhi zilionyesha bandari, jumba la Beit al-Ajaib au vichochoro vya Mji Mkongwe. Nyingine nyingi zilionyesha wanawake. Mwanamke amesimama juu ya zulia, miguu mitupu, kanga moja ameifunga kifuani na ya pili ameitupia begani, majasi ya duara yamejaa kwenye ndewe, kiwiko kimeegemea meza ndogo, na nyuma yake limening'inia pazia lililochorwa miti na nguzo. Chini ya picha, maneno machache ya Kiingereza yanamtaja kuwa mwanamke wa Kiswahili au mrembo wa Zanzibar. Jina la studio mara nyingi limeandikwa. Jina la mwanamke halimo.

Anayezipanga postikadi hizo mezani, kumi au ishirini kwa pamoja, huona jambo haraka. Mapazia yanajirudia, meza zinajirudia, hata pembe ya kamera hubadilika kidogo sana. Kama picha hizo zingetegemea vifaa vya studio peke yake, jicho lingechoka baada ya picha ya tatu. Halichoki, kwa kuwa mmoja ameinua kidevu na kumtazama mpiga picha bila kupepesa, mwingine ameuvunja mwili upande mmoja kama anayengoja ngoma ianze, wa tatu amekaza mdomo na inaonekana wazi kwamba hataki kuwapo pale. Tofauti yote imebebwa na mtu. Historia ya picha katika pwani ya Afrika Mashariki kwa kawaida husimuliwa kwa kuwafuata wenye kamera, na kuna sababu: wao ndio waliotia mihuri nyuma ya karatasi. Lakini wanaofanya picha hizo zitazamwe hadi leo walikuwa upande wa pili wa lenzi.

Kamera ilifika mapema pwani hii. Ugunduzi wa Daguerre wa kupiga picha ulitangazwa Paris mwaka 1839, na kabla ya muongo mmoja kupita nahodha wa Kifaransa Charles Guillain alikuwa akizunguka kati ya Unguja, Mombasa na miji ya Wasomali kwa meli ya Ducouëdic, katika safari ya 1846 hadi 1848, akiwa na kamera ya namna hiyo melini. Baadhi ya sura zilizopigwa zilichorwa upya na kuchapishwa katika albamu ya safari yake mwaka 1856. Picha ya namna hiyo ilitokea juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, moja tu, bila negativu ya kutolea nakala. Mtu alitakiwa atulie kabisa, kwani akigeuka kidogo uso unakuwa ukungu. Ule ukali unaoonekana katika nyuso nyingi za zamani, ambao wageni waliusoma kuwa tabia ya watu wa Afrika au ya Waarabu, kwa sehemu kubwa ni kazi ya kujizuia kusogea. Wajerumani na Waingereza wa wakati huo wanaonekana wakali vivyo hivyo.

Si wote waliopigwa picha walikuwa na la kusema. Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyefika Unguja pamoja na Speke kabla ya safari yao ya kutafuta chanzo cha mto Nile, alipiga picha mjini, na mojawapo ni ya soko la watumwa. Watu waliomo hawakuombwa ruhusa, na hakuna aliyevaa kwa ajili ya siku hiyo. Picha ile ni ushahidi mzito, na inafaa ikumbukwe kila inapozungumzwa habari ya watu kujipamba na kujipanga mbele ya kamera. Hiari ilikuwa ya wachache kwanza.

Wa mwanzo kuwa nayo walikuwa watawala. Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alipoalikwa Uingereza mwaka 1875, alipigwa picha London katika studio ya Maull, akiwa na washauri wake. Ni picha ya mtu anayejua kwamba itasafiri mbali kuliko yeye mwenyewe. Miaka michache kabla ya hapo dada yake, Sayyida Salme, alikuwa amekaa mbele ya kamera katika mji wa Hamburg. Salme aliondoka Unguja mwaka 1866 akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, wakaoana Aden mwaka uliofuata, naye akabatizwa Emily. Mitaani Hamburg alivaa gauni za Kizungu, na zipo picha zake za namna hiyo. Ila inayochapishwa tena na tena, kwenye majalada ya vitabu na kuta za majumba ya makumbusho, ni ile aliyovaa mavazi ya binti wa kifalme wa Unguja ndani ya studio ya Kijerumani. Uzito wa picha hiyo hautoki kwenye mwanga wala kwenye mandhari. Unatoka kwa mwanamke aliyebeba nchi mbili mwilini, ambaye mwaka 1886 angeandika kitabu cha maisha yake, na ambaye tayari alikwisha kujua kwamba hakuna kati ya nchi hizo itakayompokea kwa moyo wote.

Wagoa walipoanza kufungua studio Unguja katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, mambo yalikuwa yamerahisika. Mabamba makavu ya kioo, yaliyoenea kufikia miaka ya 1880, yaliondoa ile haraka ya kupaka dawa, kupiga na kusafisha picha kabla bamba halijakauka. Mpiga picha aliweza kuweka akiba ya mabamba na kumngoja mteja. Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869, ulizileta meli nyingi zaidi kutoka Ulaya, na pamoja nazo wanunuzi wa postikadi. Lakini studio hizo hazikuishi kwa wageni tu. Wafanyabiashara wa Kihindi, familia za Kiarabu, maofisa, na kadiri miaka ilivyosonga hata watu wa mitaa ya Ng'ambo, walipanda ngazi zake kutaka picha zao wenyewe.

Hapa ndipo habari inapokuwa nzito. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu starehe na siasa za Unguja, ameonyesha namna watu waliotoka katika familia za watumwa walivyotumia nguo kutangaza kwamba wamekuwa watu wengine. Wanawake waliacha kaniki nyeusi na merikani isiyo na nakshi, wakavaa kanga za rangi. Baadaye wengi wakachukua buibui, vazi lililokuwa la wanawake wa tabaka la juu. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Nguo huchakaa na mtindo wa kanga hupitwa baada ya miezi michache, lakini mtu aliyepigwa picha amevaa doti mpya amejiwekea ushahidi. Katika picha zile mkunjo wa kanga na namna ilivyopangwa ili nakshi ionekane kikamilifu si mapambo ya ziada. Ndiyo hoja yenyewe, na aliyeitoa ni mwenye kuivaa.

Mtafiti mwingine, mwanahistoria wa sanaa Prita Meier, amewakumbusha wasomaji wasiharakishe kufurahi. Si kila mwanamke wa kwenye postikadi alikuja kwa miguu yake na kwa fedha yake. Wapo waliopangwa, wakavalishwa, wakauzwa kwa wageni kama sampuli ya kabila. Kutofautisha kundi moja na jingine kwa kutazama karatasi pekee ni kazi ngumu, na pengine isiyowezekana kwa picha nyingi. Hata hivyo, hata katika zile zilizopigwa kwa amri, mtu hakugeuka kuwa samani. Jicho lililokataa kutabasamu limebaki pale, miaka mia moja na zaidi, likimkatalia kila mtazamaji mpya.

Katika mji wa Mombasa, nusu karne baadaye, uwiano ulikuwa umebadilika kabisa. N. V. Parekh alifungua studio yake mwaka 1942, na kwa karibu miongo minne ikawa mahali ambapo vijana, wachumba, maharusi, marafiki wawili wa kike waliovaa sare, na familia nzima nzima walikwenda kutengenezewa sura. Waswahili, Waarabu, Wahindi na watu waliotoka bara wote walikuwa wateja. Studio ilikuwa na mapazia, taa na vifaa, lakini mteja alikuja na nusu ya picha kichwani mwake. Alijua anataka kukaa au kusimama, kumtazama mchumba au kutazama mbali, kuvua miwani ya jua au kuiacha. Mpiga picha alisikiliza, akashauri, akasogeza taa.

Wapi walijifunza kupozi namna ile? Sinema lazima itajwe. Mombasa na Unguja zilikuwa na majumba ya sinema yaliyojaa mwisho wa wiki, Regal na Majestic huko Mombasa, Empire na Cine Afrique huku Unguja, na filamu za Kihindi zilipendwa na watu wasiojua neno la Kihindi. Filamu ya Awaara ya Raj Kapoor na Nargis, ya mwaka 1951, ilishika pwani nzima. Kijana aliyeikunja kola yake na kuinamisha kofia mbele ya kamera alikuwa amemwona mtu akifanya hivyo kwenye pazia kubwa. Binti aliyeelekeza macho juu, taa ikimwangukia shavuni, alikuwa amemwona Nargis. Ila hakuna aliyekuwa Nargis. Kinachovutia katika picha za Parekh ni lile pengo dogo kati ya mwigizaji na mwigaji: mkono wa mkulima uliotoka chini ya koti la kukodi, buibui lililoteremshwa mabegani kwa dakika chache, bwana mdogo anayejitahidi kuzuia kicheko. Studio iliruhusu mtu ajaribu maisha ambayo bado hajayapata, na kamera ikapokea vyote viwili, jaribio na mjaribu.

Zanzibar kulikuwa na Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930. Alipiga picha za jumba la sultani, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kamera yake iliendelea kufanya kazi chini ya serikali mpya. Kuta za studio hiyo zinawaweka pamoja watu ambao historia iliwatenganisha kwa damu. Mtoto wake, Rohit, alirithi kazi.

Kisiwani Lamu mambo yalichukua sura ya peke yake. Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993, alijifunza upigaji picha mwenyewe na akaendesha studio ndogo mjini humo. Lamu ni mji wa misikiti na wa wanazuoni, ambapo suala la kuchora au kupiga sura ya binadamu limejadiliwa kwa uzito, na ambapo picha ya mwanamke haikuwa kitu cha kuachwa wazi mikononi mwa wapita njia. Bakor hakulikwepa suala hilo. Alilifanyia kazi kwa mkasi. Alimpiga mteja picha, akaikata sura yake, akaibandika mahali pengine, kisha akaipiga upya ili ionekane kitu kimoja. Mtu akachomoza ndani ya ua. Mtu akakaa ndani ya redio. Wapendanao wakaonekana katika umbo la moyo.

Kwa mtazamo wa haraka, huo unaonekana kuwa ushindi wa mpiga picha juu ya mteja, kwani mteja amebakiziwa kichwa tu. Ukweli ni kinyume. Sura katika redio inafanya kazi kwa sababu aliyeitazama aliijua. Wanunuzi wa picha za Bakor walikuwa watu wa mji mdogo, wenye kujuana hadi kwa jina la babu, na picha ilipotolewa sandukuni na kuonyeshwa mgeni ndani ya nyumba, furaha ilikuwa ya kumtambua fulani mahali asipotarajiwa. Katika miaka ya 1960 na 1970 redio ilikuwa sauti kutoka mbali, taarabu, habari za Cairo na London, na kuwekwa ndani yake ni kupewa sehemu katika mazungumzo hayo. Mkasi uliondoa mwili, ukaacha kile ambacho Lamu ilihitaji ili isimulie hadithi. Picha hizo zilipoonyeshwa baadaye Ulaya, kupitia utafiti wa Heike Behrend na wenzake, zilisifiwa kwa ubunifu wake, na sifa hizo zinastahili. Lakini mtazamaji wa Ulaya alikosa nusu ya picha, kwa kuwa hakumjua aliyemo.

Jambo kama hilo lilitokea kwa namna ya kushangaza magharibi mwa Afrika. Seydou Keïta alifungua studio Bamako mwaka 1948, akatumia shuka la kitanda chake kuwa pazia, akaweka suti, saa, redio na pikipiki za kuazima kwa wateja. Mwaka 1991 picha zake kadhaa zilionyeshwa New York bila jina. Bango lilisema mpiga picha hajulikani. Mkusanyaji wa sanaa akatuma mtu Bamako, jina likapatikana, na katika miaka michache Keïta akawa miongoni mwa wapiga picha wanaoheshimiwa zaidi duniani. Heshima hiyo ilikuwa haki yake. Lakini msako uliishia kwa mwenye kamera. Mabibi waliokaa na magauni ya maua juu ya shuka la maua, wakajaza fremu kwa vitambaa hata mpaka kati ya mtu na pazia ukapotea, wengi wao hawakutafutwa na yeyote kwa bidii ya namna hiyo, ingawa wao ndio waliochagua vitambaa vile.

Kivukoni Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990, wapiga picha wa barabarani walisimamisha vibanda vyao kandokando ya njia ya feri. Hawakuwa na jengo. Walikuwa na mapazia ya kuchora, mabango yaliyobandikwa, maua ya plastiki na mapambo yanayometameta. Nyuma ya mteja kulikuwa na meli kubwa, ndege, maghorofa, au Mombasa yenyewe iliyokusanywa kwenye ukuta mmoja. Wateja wengi walikuwa watu wa bara waliokuja kutafuta kazi bandarini na kwenye mahoteli, na picha ilitumwa nyumbani kwa mama, mke au ndugu. Mtu aliyelala katika chumba cha kupanga pamoja na wenzake wanne alisimama mbele ya ndege. Kuna wanaoliita jambo hilo uongo. Ni afadhali kulisoma kama barua: anayeandika nyumbani haanzi na deni, huanza na salamu na kwamba yu mzima. Mnamo Agosti 1997, washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni na kuwalenga watu wa bara; wengi walikimbia, na biashara ya vibanda ikapoteza watu iliowategemea.

Mfano ulio mkali kuliko yote uko Gulu, kaskazini mwa Uganda. Huko ilikuwepo, tangu miaka ya 1970, studio iitwayo Gulu Real Art Studio. Wateja walihitaji picha ndogo za vitambulisho, vya kazi, vya shule, vya mikopo, vya misaada. Mashine ya picha hizo ilitoa nne kwa mkupuo, na wengi hawakuwa na haja ya nne wala fedha ya kuzilipia. Studio ikapata njia rahisi: kumpiga mtu picha ya kawaida, akiwa amekaa kwenye kiti, kisha kuukata uso kwa kipimo kinachotakiwa na kumpa. Karatasi iliyobaki, yenye tundu la mraba mahali pa uso, ilitupwa. Mpiga picha wa Kiitaliano Martina Bacigalupo aliziona karatasi hizo, akaanza kuzikusanya, na mwaka 2013 zikatolewa katika kitabu na maonyesho na taasisi ya Walther Collection.

Kwa kanuni zote za upigaji picha, hizo ni takataka. Hazina uso, na uso ndio watu huenda studio kwa ajili yake. Studio ilikuwa na koti la kuazima kwa wale ambao ofisi iliwataka waonekane nadhifu, kwa hiyo hata nguo inajirudia kutoka kwa mtu hadi mtu. Kiti ni kimoja, ukuta ni mmoja. Na bado hakuna karatasi mbili zinazofanana. Koti lile lile linamning'inia kijana mwembamba hadi vidole vinafichika, na kumbana mzee kifuani. Mwanamke ameweka mikono magotini, viganja juu. Mwingine amempakata mtoto, na mtoto hakukatwa, amebaki akitazama kamera peke yake. Mmoja ameshika mfuko wa plastiki ambao hakutaka kuuweka chini. Watu hao walitoka katika vita kati ya jeshi la serikali na waasi wa Lord's Resistance Army, vilivyoutesa mkoa huo kwa karibu miaka 20 na kuwafukuza wakazi hadi kambini, na walikuja studio kwa sababu moja ya kiofisi: kila mmoja alihitaji karatasi itakayothibitisha kwamba ni yeye. Walipewa uso, wakaondoka nao. Mabega, mikono na namna ya kukaa, ambavyo hakuna afisa aliyeviomba, vilibaki sakafuni pa studio vikimtambulisha kila mmoja wao.